Usimamizi wa kasino na jinsi unavyofikia kikomo

KAMPUNI ikilemewa na madeni, wanaoidai humleta mrasimu ili aiendeshe au auze mali yake. Wakenya walishuhudia hayo maduka ya Uchumi yalipowekwa chini ya mrasimu Juni 2006, hadi alipoondoka Machi 2010.

Kwa kasino mambo ni tofauti. Jengo na meza za kamari zaweza kuuzwa, lakini leseni haiuzwi. Anayeinunua kasino hawezi kuchezesha kamari hadi serikali itakaporidhika kwamba anafaa. Ndiyo maana usimamizi wa mali ya aina hii una njia zake za kumalizika.

Mfano bora unapatikana katika jimbo la New Jersey, Marekani. Wapiga kura waliidhinisha kasino katika mji wa Atlantic City mwaka wa 1976, na Sheria ya Udhibiti wa Kasino ikapitishwa mwaka uliofuata.

Sheria za jimbo hilo zilizingatia hatari moja. Leseni ikifutwa ghafla na milango kufungwa, wafanyakazi hupoteza riziki kwa kosa wasilolitenda. Kwa hivyo, Tume ya Udhibiti wa Kasino ilipewa uwezo wa kumteua msimamizi.

Msimamizi hukabidhiwa mali ya kasino pamoja na hoteli yake. Huitunza, huendesha biashara, huwalipa wafanyakazi na kutoa ripoti kwa tume. Hapokei amri kutoka kwa aliyenyimwa leseni wala kwa wadai, bali kwa tume iliyomteua.

Sheria inataja njia mbili za kumaliza kazi yake. Ya kwanza ni mauzo. Msimamizi akishauza mali yote inayohusiana na kasino, kwa idhini ya tume iliyotolewa mapema, tume inalazimika kuutamatisha usimamizi.

Ya pili ni kutoweka kwa sababu iliyouleta usimamizi huo. Hapa tume hailazimiki. Ina hiari ya kuamua iwapo sababu hiyo kweli haipo tena. Usimamizi ukikoma, msimamizi hutakiwa kuikabidhi mali kwa utaratibu, tena kwa idhini ya tume.

Kuna mlango mmoja uliozibwa. Mwenye kampuni hawezi kumwondoa msimamizi kwa kuuza hisa zake kwa mtu mwingine. Hisa zikibadilisha mikono, mamlaka ya msimamizi hubaki vile vile.

Kesi mbili zinaonyesha jinsi hatima inavyoweza kutofautiana. Mwaka wa 1989, tume ilikataa kuongeza muda wa leseni ya kasino ya Atlantis, iliyokuwa na matatizo makubwa ya fedha. Msimamizi aliteuliwa, lakini Mei mwaka huo kasino ikafungwa. Donald Trump alilinunua jengo hilo na kulitumia kama hoteli.

Mwisho wa Tropicana ulikuwa mwingine. Desemba 2007, tume iliwanyima wamiliki wake leseni. Miongoni mwa mambo waliyolaumiwa ni kuwafuta kazi mamia ya wafanyakazi, huduma na usafi kuzorota, na kukosa kuunda kamati huru ya ukaguzi wa hesabu kama sheria ilivyotaka.

Gary Stein, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu ya New Jersey, alipewa jukumu la kuisimamia na kuiuza. Kazi hiyo haikuwa rahisi. Uchumi wa dunia ulidorora mwaka wa 2008, kampuni iliyoimiliki ikaomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi, na bei zilizotolewa na wanunuzi zikashuka.

Mwaka wa 2009, mahakama ya mufilisi iliidhinisha Tropicana iuzwe kwa wadai wakiongozwa na bwanyenye Carl Icahn kwa dola milioni 200. Hawakutoa fedha taslimu. Thamani hiyo ilikatwa kutoka kwa deni walilokuwa wakidai. Machi 2010 walikabidhiwa kasino hiyo, na kazi ya msimamizi ikafika tamati.

Usimamizi huo ulidumu zaidi ya miaka miwili, na muda wote huo milango haikufungwa. Waliokuwa wameajiriwa humo waliendelea kwenda kazini huku mawakili wakibishana mahakamani. Hilo ndilo lililokusudiwa na sheria: mwenye makosa aondoke, biashara isalie.