Fisi na Jina Alilopewa



Wapendwa, kwa karne nyingi fisi amebeba jina la mlafi na mla mizoga. Kulipokucha watu waliwakuta simba juu ya nyumbu aliyeuawa, nao fisi wakizunguka kando. Wakahukumu kwamba simba ndiye aliyewinda, na fisi anangoja makombo.

Mwaka 1964 Hans Kruuk, mtaalamu wa wanyama kutoka Uholanzi, alianza kazi Serengeti, akawachunguza fisi wenye madoa huko na Ngorongoro, akiwafuata usiku. Katika kitabu chake cha mwaka 1972 alionesha kwamba mizoga hula kweli, lakini chakula chao kingi huwinda wenyewe. Ndani ya kreta ya Ngorongoro, mara nyingi simba ndio waliowanyang'anya.

Fisi alikuwa mwindaji hata miaka yote aliyotukanwa. Ndugu uliyeitwa mvivu au mkosi nyumbani kwenu, usijipime kwa hukumu ya waliofika asubuhi. Mungu aliyekuumba aliuona usiku wako wote. Jipokee, pamoja na madoa yako. Na kabla ya kumpa mwenzako jina, tujiulize: usiku tulikuwepo?