Kile Kiti Hakikutengenezewa Milima ya Kilungu

Wasee, ukifika kwa susu yangu kule Kilungu, Makueni, utaona kiti cha magurudumu chini ya mti wa avokado. Kuku ndio hukikalia. Susu alipewa bure, tukapiga picha, tukashukuru Mungu. Wiki ya pili magurudumu madogo ya mbele yakazama kwenye udongo, mlima ukamshinda kila mtu, na susu akarudi kubebwa mgongoni kwenda kanisani. Miaka yote nilidhani shida ni barabara. Kumbe hii shida ina historia.

Kile kiti cha kukunja unachokijua, chenye vyuma vilivyopishana kama X, kilitoka Marekani miaka ya 1930. Herbert Everest alikuwa injinia wa migodi, akaumia mgongo kwenye ajali ya mgodi mwaka 1918. Rafiki yake Harry Jennings, naye injinia, akamuundia kiti chepesi cha kukunja ndio kiingie kwenye gari. Everest alitaka kutoka nyumbani, kupanda gari na kuendelea na shughuli zake mjini. Kwake kiti kilifanya kazi poa kabisa, maana mwenye shida na mwenye spana walikaa meza moja. Makosa yakaja baadaye. Kiti kikaigwa dunia nzima, kikafika hadi kwetu, na hakuna aliyeuliza lami iko wapi.

Ruka sasa hadi 2005. Kijana wa Marekani anaitwa Amos Winter, mwanafunzi wa uzamili wa uinjinia pale MIT, anakuja Tanzania kuangalia watu wanatumia viti vya aina gani. Anapata stori mbili. Kiti cha kawaida kinaingia ndani ya nyumba, lakini nje kwenye mashimo hakifiki mbali. Baiskeli ya magurudumu matatu ya kupiga kwa mikono inafika mbali, lakini mlangoni haipiti. Kwa hivyo mtu anachagua: atoke, ama akae ndani.

Winter akalifanya hilo swali kuwa masomo yake. Kiti alichounda na wenzake kinaitwa Leveraged Freedom Chair. Kina mikono miwili mirefu ya chuma unayosukuma mbele na nyuma. Ukipanda mlima unashika juu, unapata nguvu zaidi. Ukifika tambarare unashika chini, unapata mwendo. Ukiingia nyumbani unaichomoa, kinabaki kiti cha kawaida. Mnyororo na gia ni za baiskeli, zile ambazo fundi yeyote wa Wote ama Mwingi anazijua akiwa amefumba macho.

Sasa hapa ndio pana utamu. Mwaka 2009 kilijaribiwa Kenya, Uganda na Tanzania, na waendeshaji wakakipasua vibaya. Kizito, kipana, ndani ya nyumba kinasumbua. Hawakusema asante tu kama sisi kwa susu. Timu ikarudi mezani, ikapunguza uzito na upana. Winter akamaliza PhD yake mwaka 2011. Kwenye cheti kuna sahihi za maprofesa, lakini mimi naona mtihani wenyewe ulisahihishwa na watu wa huku, wakiwa wamekaa.

Najua kuna mtu atasema, "Si fundi wa jua kali angeunda tu hicho kitu?" Nusu ni kweli. Kuchomelea angechomelea. Lakini lazima mtu apige hesabu mkono wa binadamu una nguvu kiasi gani, na chuma kiwe kirefu kiasi gani usichoke kabla ya kufika sokoni. Hapo ndipo masomo ya juu yana kazi. Pia shahada bila mwendeshaji ndani ya chumba inakuundia kiota cha kuku.

Kinachoniuma ni mwisho wa hii stori. Malalamiko yalikuwa yetu, majaribio yakafanywa kwetu, lakini baadaye kiti kikaenda kutengenezewa India, na Marekani wakapata toleo lao. Sisi tulibaki watahiniwa na wasahihishaji, kiwanda kikapita.

Na si ati tumekosa mahali pa kuanzia. Chama cha APDK kimekuwa kikihudumia watu wenye ulemavu Kenya tangu 1958. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia. Kitui kuna Chuo Kikuu cha SEKU pale Kwa Vonza, kilipata hati yake 2013, na ukitoka tu getini uko kwenye vumbi na mchanga, maabara ambayo MIT ilibidi wapande ndege kuifuata.

Mimi chuo niliacha, kwa hivyo sina mdomo wa kumhubiria mtu kuhusu digrii. Lakini kama wewe uko mwaka wa nne wa uinjinia na unatafuta kichwa cha tasnifu ya uzamili, usianze na kompyuta. Panda matatu hadi Mutomo ama Mbooni, tafuta mtu ambaye kiti chake kinakaliwa na kuku, umuulize alitaka kwenda wapi.

Susu yangu, kwa mfano, anataka kufika kanisani bila kubebwa. Ni mlima mmoja tu.