1949: Mwaka Waaustralia walipopewa uraia wao

WAAUSTRALIA walilala usiku wa Januari 25, 1949, wakiwa raia wa Mfalme wa Uingereza tu, wakaamka asubuhi wakiwa pia raia wa nchi yao wenyewe.

Siku hiyo, Januari 26, ndipo Sheria ya Utaifa na Uraia iliyopitishwa na Bunge mwaka 1948 ilipoanza kutumika. Kabla ya hapo, ingawa Australia ilikuwa shirikisho tangu mwaka 1901 na ilikwishapigana vita vikuu viwili, sheria haikumtambua mtu yeyote kama raia wa Australia.

Mabadiliko hayo hayakuvunja uhusiano na Uingereza, kwa kuwa raia mpya aliendelea kuhesabiwa kuwa wa Mfalme. Lakini kwa mara ya kwanza swali la nani ni Mwaustralia lilipata jibu la kisheria. Matukio ya mwaka huo yalionyesha kwamba jibu la kwenye karatasi na jibu la maisha ya kila siku havikuwa kitu kimoja.

Wageni kutoka Ulaya

Sensa ya mwaka 1947 ilihesabu watu wapatao milioni 7.6 katika bara zima. Serikali ya chama cha Labor, chini ya Waziri Mkuu Ben Chifley, iliamini kwamba idadi hiyo ilikuwa ndogo mno kuweza kuilinda nchi na kuendesha viwanda vyake. Hofu ya kuvamiwa na Japani wakati wa vita ilikuwa bado haijasahaulika.

Waziri wa Uhamiaji, Arthur Calwell, alifungua milango kwa Waulaya waliopoteza makwao kwa sababu ya vita. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1950, zaidi ya watu 170,000 wa kundi hilo walikuwa wameingia, wakiwamo Wapolandi, Walatvia, Walithuania na Waukraine. Wengi walipitia kambi ya Bonegilla katika jimbo la Victoria.

Mhamiaji wa aina hiyo alifungwa na mkataba wa kufanya kazi miaka miwili popote atakapopelekwa na serikali. Daktari aliweza kujikuta akibeba mizigo hospitalini, na mwalimu akikata miwa Queensland.

Februari 3, 1949, katika ukumbi wa Albert Hall mjini Canberra, wanaume saba wenye asili ya nchi mbalimbali za Ulaya walikula kiapo katika sherehe ya kwanza ya kutoa uraia mpya.

Mama aliyekataa kuondoka

Mlango uliofunguliwa kwa Waulaya ulibaki umefungwa kwa wengine, kutokana na sera iliyojulikana kama Australia ya Weupe. Mwaka huo sera hiyo ilifikishwa mahakamani na mama wa watoto wanane, Annie O'Keefe, aliyekuwa amekimbia uvamizi wa Wajapani katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia.

Mume wake wa kwanza alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1944 akiwa kazini upande wa washirika wa Australia. Baadaye mama huyo aliolewa na Mwaustralia, lakini Calwell aliamuru aondoke nchini pamoja na watoto.

Machi 1949 Mahakama Kuu ya Australia ilimpa ushindi. Serikali ilijibu kwa kupitisha sheria mpya ya kuwaondoa wakimbizi wa wakati wa vita, lakini iliangushwa kabla ya kuitumia kikamilifu. Waziri aliyemfuata Calwell, Harold Holt, aliwaruhusu wakimbizi waliokuwa wamebaki waendelee kuishi nchini.

Wenyeji wa asili

Waaborijini, ambao mababu zao waliishi katika bara hilo kwa makumi ya maelfu ya miaka, walikuwa raia kwa kuzaliwa chini ya sheria mpya. Hata hivyo, uraia huo haukuwapa wote haki ya kupiga kura.

Sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa mwaka 1949 iliwaruhusu kupiga kura ya shirikisho wale waliokuwa na haki hiyo katika majimbo yao, pamoja na waliotumikia jeshi. Katika majimbo ya Queensland na Australia Magharibi, ambako haki hiyo ilikataliwa, askari aliyerudi vitani aliweza kupiga kura huku wazazi wake wakizuiwa.

Waaborijini wote waliruhusiwa kupiga kura ya shirikisho mwaka 1962.

Makaa, giza na wanajeshi

Kipupwe cha mwaka huo kiliwakuta wananchi wengi gizani. Juni 27 wachimbaji wapatao 23,000 wa makaa ya mawe waligoma, wakidai nyongeza ya mshahara, wiki ya kazi ya saa 35 na likizo ya utumishi wa muda mrefu. Umeme na gesi vilitolewa kwa mgawo, viwanda vikafungwa, na mamia ya maelfu ya wafanyakazi wakakosa kazi.

Chifley, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa dereva wa treni na kushiriki mgomo mkubwa wa mwaka 1917, aliamini kwamba Wakomunisti ndio waliouchochea. Serikali yake ilizuia fedha za vyama vya wafanyakazi kutumika katika mgomo, na baadhi ya viongozi wakafungwa. Agosti 1 wanajeshi walipelekwa kuchimba makaa katika migodi ya wazi ya New South Wales. Wiki mbili baadaye wachimbaji walirudi kazini mikono mitupu.

Hatua hiyo iliwaumiza wengi waliokuwa wakikiona chama cha Labor kuwa chama chao.

Milima ya Snowy

Oktoba 17, huko Adaminaby, Gavana Mkuu William McKell alizindua mradi wa Milima ya Snowy, uliolenga kugeuza maji ya mto Snowy yaelekee bara kwa ajili ya umeme na umwagiliaji.

Mradi ulikamilika mwaka 1974, baada ya kuajiri zaidi ya watu 100,000 kutoka nchi zaidi ya 30. Wafanyakazi 121 walipoteza maisha. Watu ambao mataifa yao yalipigana vitani walichimba mahandaki bega kwa bega.

Uchaguzi wa Desemba

Kufikia mwisho wa mwaka wananchi walikuwa wamechoshwa na mgawo. Gari la Holden, la kwanza kutengenezwa kwa wingi nchini humo, lilikuwa limezinduliwa Novemba 1948, lakini mwaka mmoja baadaye serikali ilirudisha mgawo wa petroli. Wengi pia walipinga jaribio lililoshindwa la kutaifisha benki binafsi.

Desemba 10 muungano wa vyama vya Liberal na Country, ukiongozwa na Robert Menzies, ulishinda kwa tofauti ya zaidi ya viti 20. Menzies alitawala hadi Januari 1966, na Labor haikurudi madarakani hadi mwaka 1972. Mwaka uliofuata serikali hiyo ya Labor iliondoa mabaki ya sera ya Australia ya Weupe.

Sherehe nyingi za kutoa uraia hufanyika hadi leo karibu na Januari 26, siku ambayo msafara wa Waingereza ulitia nanga Sydney mwaka 1788. Waaborijini wengi huiadhimisha siku hiyo kwa maombolezo, kama walivyofanya wenzao Sydney mwaka 1938.