Wahimba wa Kaoko na Historia Iliyomo katika Picha Zao

Picha ya mwanamke wa Kihimba aliyejipaka rangi nyekundu, mwenye misuko mizito na pambo la ngozi utosini, ni miongoni mwa picha za Afrika zilizoenea sana katika vitabu vya wapiga picha, kadi za posta na majarida ya utalii, na maelezo yanayoandamana nayo hudai mara nyingi kwamba watu hao wamebaki kama walivyokuwa tangu zama za kale. Historia ya Kaoko, yaani nchi kame ya milima iliyoko kaskazini-magharibi mwa Namibia, haiyakubali madai hayo, kwa sababu karibu kila kinachoonekana katika picha hizo, kuanzia kombe la baharini kifuani hadi ule ukimya wa nyika nyuma yake, kina kipindi kilichokizaa na njia iliyokifikisha hapo.

Wahimba ni wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaoishi pande zote mbili za mto Kunene, ambao ni sehemu ya mpaka wa Namibia na Angola, na lugha yao ni lahaja ya Otjiherero, mojawapo ya lugha za Kibantu. Wao na Waherero ni ndugu wa asili moja, na tofauti inayoonekana leo kati yao ilikomaa katika misukosuko ya karne ya 19, pale makundi ya Wanama yenye farasi na bunduki yalipopanda kutoka kusini na kuipora mifugo ya Kaoko mara kwa mara. Familia nyingi zilizofilisika zilivuka Kunene na kuingia kusini mwa Angola, ambako wengine waliishi kwa kuwinda, kulima na kuwatumikia wenyeji, na wengine wakajiunga na Wareno katika kampeni zao za kijeshi, wakilipwa sehemu ya ng'ombe waliotekwa. Kiongozi mashuhuri wa wapiganaji hao alikuwa Vita Tom, ambaye jina lake lina maana ileile ambayo msomaji wa Kiswahili angeikisia, na ambaye Makaburu walimwita Oorlog kwa maana hiyohiyo. Kwa mali iliyopatikana Angola, Vita Tom na wengineo walirejea Kaoko katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, kwa hiyo makundi makubwa ya ng'ombe ambayo wageni waliyaona baadaye na kuyadhani urithi usiokatika yalikuwa, kwa kiasi kikubwa, mali iliyojengwa upya.

Upweke wa Kaoko nao haukuwa wa asili tu. Mkataba wa Ureno na Ujerumani wa mwaka 1886 uliifanya Kunene kuwa mpaka bila kujali kwamba koo zilezile zilikuwa na malisho pande zote mbili, lakini utawala wa Kijerumani haukufika kwa nguvu katika milima hiyo, na ndiyo maana Wahimba wengi waliepuka vita vya maangamizi vya 1904 hadi 1908 vilivyowaua Waherero na Wanama kwa maelfu. Afrika Kusini ilipoichukua Namibia kutoka kwa Wajerumani mwaka 1915, ilianzisha utaratibu mwingine: mwaka 1923 ilitenga maeneo ya wenyeji chini ya viongozi kama Vita Tom na Muhona Katiti, kisha, kwa hoja ya kuzuia homa ya mapafu ya ng'ombe, ikawazuia wafugaji kuuza mifugo yao katika masoko ya kusini, ambako walowezi wa Kizungu walikuwa na mifugo yao ya kuuza. Jamii ambayo kwa vizazi kadhaa ilikuwa imefanya biashara, imepigana na kuvuka mito ilifungiwa ndani ya mstari wa karantini, na haukupita muda mrefu kabla ya wageni kuanza kuistaajabia kwa kutoijua dunia.

Katika mazingira hayo mwili wenyewe uliendelea kuwa daftari la hadhi ya mtu. Msichana mdogo husukwa misuko miwili inayoelekea mbele, iitwayo ozondato, na anapokaribia kuvunja ungo misuko huongezeka na kuufunika uso. Mwanamke aliyeolewa huvaa erembe, pambo dogo la ngozi ya mbuzi au kondoo linalofungwa utosini. Mwanamume aliyeoa huzifunika nywele zake kwa kitambaa na huziacha wazi wakati wa msiba. Rangi nyekundu, otjize, ni mchanganyiko wa mafuta ya siagi na ngeu, yaani udongo wenye madini ya chuma uliosagwa, ambao wakati mwingine hutiwa utomvu wa mti wa omuzumba ili unukie, na hupakwa na wanawake mwilini na katika nywele. Kwa kuwa maji ni haba, wanawake hujitakasa kwa moshi wa makaa yaliyotiwa majani yenye harufu nzuri. Kombe kubwa jeupe linaloning'inia kifuani, ohumba, halipatikani popote katika milima ya Kaoko: liliingia kwa biashara, na thamani yake imetokana na umbali huo.

Waherero wa kusini na kati waliishi karibu na misheni, na wanawake wao wakachukua mitindo ya wake za wamisionari, yale magauni marefu ya marinda ambayo sasa huvaliwa pamoja na kilemba chenye umbo la pembe za ng'ombe. Ajabu ni kwamba gauni hilo la Ulaya na erembe ya ngozi huweza kuvaliwa na wanawake wa ukoo mmoja, lakini picha huliita la kwanza historia na la pili asili.

Yasiyopigika picha kwa urahisi ndiyo yenye uzito zaidi. Kila Mhimba ana nasaba mbili: oruzo, inayofuatwa kupitia kwa baba, na eanda, inayofuatwa kupitia kwa mama. Oruzo humpa mtu miiko, makazi na nafasi mbele ya okuruwo, moto mtakatifu unaowashwa kati ya nyumba kuu na zizi ili mzee wa boma azungumze na wahenga, ambao humfikishia Mukuru, yaani Mungu, haja za walio hai. Eanda ndiyo huamua sehemu kubwa ya urithi wa ng'ombe, hivyo mali ya marehemu huweza kumpita mwanawe na kwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada. Mpangilio huu hutawanya mifugo na wadai wake katika koo nyingi, jambo lenye faida katika nchi ambayo mvua ya bonde moja si ya bonde la pili. Mwanaanthropolojia Michael Bollig aliwalinganisha Wahimba na Wapokoti wa Kenya kuhusu namna ya kukabili majanga kama ukame.

Ukame ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970 uliua sehemu kubwa mno ya ng'ombe wa Kaoko, na vita vya ukombozi vilivyoendelea hadi uhuru wa mwaka 1990 viliwafanya wanaume wengi kutegemea mishahara ya jeshi la Afrika Kusini. Mifugo ilirudi polepole, na katika miaka ya 1990 serikali mpya ilipopendekeza bwawa la umeme katika maporomoko ya Epupa, chifu Hikuminue Kapika na wenzake walipinga kwa kuonyesha makaburi ambayo yangezama, kwa kuwa kwao kaburi la mzee huthibitisha ni ukoo upi wenye haki ya malisho ya mahali hapo. Mradi huo haukujengwa, na mipango ikaelekezwa kwenye eneo la Baynes, chini zaidi katika mto uleule. Wapiga picha wanaofika leo katika maboma yaliyo karibu na mji wa Opuwo hulipa fedha au vyakula, na misuko wanayoipiga mara nyingi imejazwa nywele bandia zilizonunuliwa dukani.