Ndege, Mto na Daraja: Historia ya Mchezo Mmoja wa Televisheni

Michezo ni sehemu ya utamaduni wa kila taifa. Mtu atakaye kuujua moyo wa jamii fulani aghalabu huzitazama nyimbo zake, ngoma zake, mapishi yake na mavazi yake. Ni wachache wakumbukao kuitazama michezo yake. Hata hivyo mchezo hueleza mengi. Bao latuonyesha jinsi wazee wetu walivyothamini hesabu, kumbukumbu na subira, na pia jinsi walivyopenda kutaniana bila kugombana. Vivyo hivyo, mwanafunzi wa historia atakaye kuielewa Marekani ya mwanzo wa miaka ya 1980 hana budi kuitazama michezo ya televisheni iliyoenea katika nyumba za watu wa nchi ile.

Katika makala haya tutautazama mchezo mmoja tu, nao ni River Raid, yaani Uvamizi wa Mtoni, uliotolewa na kampuni ya Activision mwaka 1982. Ni mchezo wa ndege ya kivita. Tutaeleza ulivyochezwa na ulivyotungwa, heshima aliyopewa mtunzi wake, na sababu zilizoifanya serikali moja ya Ulaya iwakinge vijana wake nao.

Yafaa kwanza tuifahamu mashine yenyewe. Kampuni ya Atari iliitoa mwaka 1977, na baadaye ikajulikana kwa jina la Atari 2600. Ilikuwa sanduku la plastiki lililounganishwa na televisheni ya kawaida. Mchezaji alichomeka kaseti ya mchezo, akashika kijiti chenye kitufe kimoja chekundu, akacheza. Akitaka mchezo mwingine, alibadili kaseti. Kwa vijana wa leo, wachezao kwenye simu za mkononi, uwezo wa mashine hiyo ni kama mzaha. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128 tu. Baiti moja huweza kubeba herufi moja. Basi nafasi hiyo kwa kawaida haitoshi hata kuandikia ubeti mmoja wa tarbia wenye mizani kumi na sita kila mshororo. Programu nzima ya River Raid nayo ilikaa katika baiti 4,096, kiasi cha kurasa mbili za kitabu.

Tena mashine hiyo haikuwa na mahali pa kuiweka picha nzima kabla ya kuionyesha. Kioo cha televisheni huchorwa mstari baada ya mstari, na mtunzi wa programu alipaswa kuiambia mashine la kuchora katika kila mstari, wakati uleule mstari huo unapopita. Akichelewa kidogo, picha iliharibika. Kazi ya namna hiyo yafanana na ya malenga anayejibu papo kwa papo mbele ya hadhira: hana muda wa kufuta.

Mchezo wenyewe ni mwepisi kuueleza. Ndege huruka juu ya mto unaoteremka kutoka juu ya kioo. Pande zote mbili ni nchi kavu ya rangi ya kijani, na ndege ikigusa ukingo huangamia. Katika mto mna meli, helikopta na ndege za adui. Meli ikilipuliwa mchezaji hupata pointi 30, helikopta 60, ndege 100. Kila baada ya masafa fulani mto huzibwa na daraja, nalo lisipopigwa hakuna njia. Likipigwa huleta pointi 500. Kijiti kikisukumwa mbele ndege huongeza mwendo, kikivutwa nyuma hupunguza.

Lakini roho ya mchezo huu imo katika mafuta. Chini ya kioo mna kipimo kinachopungua daima. Mtoni mmewekwa maghala ya mafuta, na ndege ikipita juu ya ghala hujaza tangi. Ikipita polepole hujaza zaidi. Ghala hilohilo likipigwa risasi humpa mchezaji pointi 80. Hapo ndipo penye mtihani. Kitu kinachompa uhai ndicho kinachoweza pia kumpa sifa, na hawezi daima kuvipata vyote viwili. Mwenye pupa hulipua kila ghala, akafurahia hesabu inavyopanda, kisha huanguka mtoni kwa kukaukiwa. Mwenye hadhari hupima: ghala hili nilijaze, lile nilipige. Kadiri safari inavyoendelea maghala huwa haba, na hesabu huwa ngumu zaidi. Wahenga walikwisha kusema kwamba tamaa mbele, mauti nyuma. Hapa methali hiyo imegeuzwa kuwa kanuni ya mchezo.

Aliyeutunga ni mwanamke, jina lake Carol Shaw. Alisoma uhandisi na sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, akaajiriwa na Atari mwaka 1978, wakati ambapo wanawake katika kazi hiyo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Alipohamia Activision alifikiria kwanza kutunga mchezo wa anga za mbali. Akaelezwa kwamba michezo ya namna hiyo imekwisha kuwa mingi. Ndipo akachukua karatasi ya miraba, akachora mto.

Tazama sasa jinsi alivyoshinda uhaba. Mto mrefu kiasi hicho usingeweza kuhifadhiwa katika baiti 4,096. Kwa hiyo hakuuhifadhi. Alitunga kanuni ya hesabu ya kuuzalisha. Namba moja huchukuliwa, tarakimu zake zikasogezwa kwa utaratibu maalumu, ikapatikana namba nyingine, na kutoka hiyo nyingine tena. Namba hizo ndizo huamua mto upanuke au ubanwe, kisiwa kikae wapi, na adui gani atokee. Kwa kuwa namba ya kuanzia ni ileile siku zote, mto nao ni uleule kila uchezwapo, na mchezaji mwenye bidii huweza kuukariri. Aidha, mashine ilikuwa na njia rahisi ya kuchora nusu ya kioo kisha kuigeuza upande wa pili kama taswira katika kioo cha kujitazamia. Shaw aliitumia, na ndiyo maana kingo za mto ule hulingana kushoto na kulia.

Washairi wetu hawatashangaa kusikia hayo. Vina na mizani ni pingu kwa asiyejua kutunga, na ni mbawa kwa ajuaye. Mshairi hunyimwa maneno mengi ili atafute neno lifaalo. Mtunzi huyu alinyimwa nafasi, akapata kanuni. Mchezo wake uliuzwa nakala zaidi ya milioni moja.

Tuje sasa kwenye suala la heshima. Katika miaka ya kwanza, Atari haikuruhusu majina ya watunzi wa michezo yaonekane. Kaseti ilibeba jina la kampuni tu. Mtunzi mmoja, Warren Robinett, alikereka. Akaficha jina lake katika chumba cha siri ndani ya mchezo wake uitwao Adventure, na wakuu wake hawakulijua jambo hilo mpaka wachezaji walipokigundua chumba hicho. Wengine wanne, David Crane, Alan Miller, Bob Whitehead na Larry Kaplan, waliona kwamba michezo yao inaiingizia kampuni fedha nyingi ilhali wao ni watu wa mshahara wasiojulikana. Wakaondoka, na mwaka 1979 wakashiriki kuianzisha Activision. Kampuni hiyo mpya ilichapa jina la mtunzi katika kila mchezo, na katika kijitabu cha maelekezo iliweka picha yake na nasaha zake kwa wachezaji. Ndivyo jina la Carol Shaw lilivyoingia majumbani. Mchezaji aliyefikisha pointi 15,000 aliweza kupiga picha kioo cha televisheni yake na kuipeleka kwa kampuni, naye akatumiwa beji ya kitambaa ya kushona kwenye nguo. Mcheza kwao hutunzwa, nasi twaona kwamba kutunzwa si fedha peke yake. Kutajwa nako ni tuzo.

Habari ya tatu yatupeleka Ujerumani ya Magharibi. Mwezi Desemba 1984, idara ya serikali iliyokuwa na kazi ya kuchunguza maandishi yenye madhara kwa vijana iliuweka River Raid katika orodha yake. Ulikuwa miongoni mwa michezo ya kwanza kabisa ya namna hii kuorodheshwa. Maana yake ni kwamba haukuruhusiwa kuuzwa kwa watoto wala kutangazwa hadharani. Wachunguzi walisema kwamba mchezo huo unamfanya kijana ajitie nafsi ya mpiganaji asiye na huruma, unamzoeza vita, tena unamletea kukakamaa kwa mwili, hasira na maumivu ya kichwa. Orodha hiyo iliushika mchezo huo mpaka mwaka 2002.

Ni rahisi leo kuwacheka wachunguzi wale. Ndege yenyewe ni vijipande vichache vya rangi, na hakuna damu wala uso wa mtu. Lakini tusifanye haraka. Nchi ile ilikuwa imegawanywa vipande viwili kwa sababu ya vita ambavyo wazazi wa vijana wale walivipigana wenyewe. Tangu mwisho wa mwaka 1983 makombora mapya ya nyuklia ya Marekani yalikuwa yakiwekwa katika ardhi yake, na umati wa watu ulikuwa umeandamana kuyapinga. Mzee aliyeona miji ikiteketezwa kwa ndege hawezi kulitazama daraja likilipuliwa kwa jicho la kijana asiyeyaona hayo.

Na sisi Watanzania tunalo daraja letu la kukumbuka. Mwezi Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin, yaliyokuwa yameivamia nchi yetu, yalilibomoa daraja la Kyaka juu ya Mto Kagera. Wananchi wa ng'ambo ya mto walitengwa na wenzao, na ilibidi daraja la muda liwekwe ili majeshi yetu yavuke kwenda kuwakomboa. Miaka minne baadaye, katika nchi ya mbali, daraja lilikuwa pointi 500. Mtunzi hakuwa na habari ya Kyaka, wala hakuna wa kumlaumu. Lakini msomaji wa kwetu akiutazama mchezo ule hawezi kukosa kujiuliza: nani alilijenga daraja hili, na ni nani waliokuwa wakilipita? Mchezo haujibu. Adui wake hana jina wala bendera, na kingo za mto hazina watu.

Kwa hiyo wachunguzi wale waliona jambo la kweli, nalo ni kwamba mchezo humzoeza mtu kutazama kwa namna fulani. Jambo ambalo hawakuliona ni lile ambalo mchezaji mwenyewe alikuwa akilifikiri. Kijana aliyekaa mbele ya kioo hakuwa akiwaza kuua. Alikuwa akiwaza mafuta. Alikuwa akipima mwendo, akikumbuka kona, akijizuia asifyatue risasi. Ukitazama kidole chake utaona vita. Ukiuliza akili yake utaona hesabu na subira. Hukumu iliyotolewa kwa kutazama kidole peke yake ni hukumu nusu, na ya yule asemaye kwamba mchezo ni mchezo tu, nayo ni nusu vilevile.

Huenda mwalimu akauliza habari hizi zatuhusu nini. Wakati River Raid ulipotolewa, Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994. Mashine ile haikuwa ya kizazi chetu. Lakini michezo ya wajukuu wake imo mifukoni mwa wanafunzi wetu hivi sasa, nayo imetungwa na watu wengine, katika nchi nyingine, kwa fikira zao. Kuwanyang'anya simu hakutawafundisha kuitazama. Afadhali mwalimu awaulize: mchezo huu ameutunga nani? Unakulipa kwa kufanya nini? Nani hayumo ndani yake? Mwanafunzi atakayeweza kuyajibu maswali hayo amekwisha kuwa mhakiki, hata kama hajafungua kitabu cha fasihi.

Kisha yafaa tulikumbuke lile jambo la uhaba. Mara nyingi twasikia kwamba vijana wetu hawawezi kutunga kwa sababu hawana vyombo. Carol Shaw alikuwa na baiti 128, karatasi ya miraba na elimu yake. Vijana wetu wana vyombo vyenye uwezo mkubwa mara nyingi kuliko ile mashine, na wana bao, vitendawili, bahari na mito yao wenyewe. Siku watakapoutunga mchezo wa mto, huenda daraja likawa ni la kujengwa, na pointi zikahesabiwa kwa idadi ya waliovuka. Nao watakapoutunga, waliandike jina lao juu yake pasipo kulificha chumbani.