Wazee katika Gari la Moshi la Bara Hindi

Katika desturi za kale za Mabaniani umri wa mwanadamu umegawanywa mafungu manne, na fungu la tatu huanza pale mwenye nyumba anapoziona mvi kichwani mwake na mjukuu wake akitambaa uani. Hapo, kwa mujibu wa kitabu cha sheria kinachonasibishwa na Manu, humpasa kuwaachia wanawe mali na mashughuli ya dunia, akaondoka kwenda kukaa mwituni, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Waliokwenda mwituni kwa kweli walikuwa wachache mno. Lakini fikira yenyewe, ya kuwa mume na mke waliokwisha kulea wana haki ya kuifunga nyumba wakashika njia, ilidumu karne kwa karne katika sura ya ziara za mahali patakatifu, na reli ilipokuja ikapata chombo chake. Kwa hiyo mstaafu wa leo, awe ametoka Mombasa au Muscat au Manchester, anayetia kibindoni kiinua mgongo chake na kumchukua mkewe wakaizunguke Bara Hindi kwa gari la moshi miezi miwili mitatu, asidhani kwamba amezua jambo. Amepanda chombo ambacho wazee wenzake walikwisha kukifanya chao zamani.

Nacho hakikuundwa kwa ajili yao. Lord Dalhousie, gavana mkuu wa Waingereza, alipoandika waraka wake mashuhuri wa Aprili 1853, hoja alizozitanguliza zilikuwa askari na biashara: askari wafike upesi palipo na fitina, na pamba ishuke upesi bandarini iende kwenye viwanda vya Lancashire. Makampuni yaliyojenga njia yalidhaminiwa faida ya asilimia 5 kwa mwaka, ipatikane isipatikane, na pengo likazibwa kwa kodi ya raia wa nchi, hata wajenzi wakawa hawana sababu ya kuhesabu gharama. Ama abiria, hawakutiwa maanani. Wakurugenzi wa Kampuni ya East India walikuwa wamekwisha kuandika mwaka 1845 kwamba watu wa Bara Hindi, kwa umasikini wao na kwa itikadi zao za dini, hawatazamiwi kusafiri kwa wingi, na kwamba pato litatokana hasa na mizigo. Ni nadra kwa watu wenye elimu na mali kukosea namna hiyo.

Gari la kwanza la abiria liliondoka Bori Bunder, Bombay, tarehe 16 Aprili 1853, mizinga 21 ikilia, wageni 400 wakiwa wameketi katika mabehewa 14, likaenda hadi Thane, masafa ya kilomita 34. Mwaka uliofuata Calcutta nayo ikapata njia yake, na mwaka 1870 reli za pande mbili zikakutana, Bombay ikaungana na Calcutta. Siku zote hizo daraja la tatu lilikuwa likifurika. Watu ambao iliaminika hawangekubali kuketi ubao mmoja na mtu wa tabaka jingine walibanana, wakaoneana haya saa ya kwanza, kisha wakaulizana habari za watoto. Na nauli zao ndogo ndogo, zilizokusanywa kwa wingi, zilizidi kwa mbali pato la mabwana wa daraja la kwanza waliolala peke yao juu ya magodoro.

Walikuwa wakienda wapi? Wengine mahakamani, wengine harusini, wengine kutafuta kazi. Lakini msimu wa ziara ulipofika magari yalijaa wazee. Zamani aliyetaka kuzuru hekalu la Jagannath huko Puri aliishika njia ya mahujaji kwa miguu, wiki kwa wiki, na kipindupindu kikimwandama, na jamaa zake walimuaga kama wamuagavyo asiyetazamiwa kurudi. Reli ilifika Haridwar mwaka 1886. Mwaka uliofuata daraja la Dufferin likavuka mto Ganges penye Banaras, mji ambao Mabaniani huamini kuwa afiaye humo huepukana na kuzaliwa tena. Na mwaka 1897 Puri nayo ikafikiwa. Sijui kama yupo gavana au mhandisi aliyekusudia hayo, lakini matokeo ni kwamba bi kizee ambaye miguu yake haingemfikisha mji wa pili aliweza sasa kuzuru pembe nne za nchi, mumewe ubavuni, tandiko na mtungi wa maji miguuni pao.

Si kwamba walistarehe. Mabehewa ya daraja la tatu kwa miaka mingi hayakuwa na vyoo, na mzee alilazimika kungoja gari lisimame, ashuke, ajisitiri, kisha akimbilie behewa lake na kipenga kimekwisha kulia. Siku za mahujaji wengi watu walipakiwa hata katika mabehewa ya mizigo. Penye stesheni maji ya kunywa ya Mabaniani na ya Waislamu yalitengwa, kila kundi na mtungi wake.

Mlalamikaji mkuu wa hayo alikuwa Mohandas Gandhi, na kwake yeye shauri la reli lina mafundo mawili. Katika kitabu chake cha mwaka 1909, Hind Swaraj, aliilaumu reli kwa ukali: hapo kale, asema, aliyefika mahali patakatifu alifika kwa mashaka, na kwa hiyo alikuwa mcha Mungu wa kweli, ilhali sasa hata ayari hufika kwa wepesi akafanya uayari wake. Hata hivyo aliporejea kwao mwaka 1915 baada ya miaka ishirini na zaidi ya Afrika Kusini, na Gopal Krishna Gokhale akamshauri anyamaze mwaka mzima aitazame nchi kwanza, aliitazama kwa chombo kile kile alichokilaumu, kwa tikiti ya daraja la tatu, na Kasturba mkewe akiwa naye katika safari nyingi. Mimi naona waraka wake wa mwaka 1917 juu ya taabu za daraja la tatu una ilimu zaidi kuliko lawama za kile kitabu, kwa kuwa umeandikwa na aliyekaa juu ya ubao wenyewe. Daraja hilo halikufutwa hadi miaka ya 1970.

Watu wa pwani yetu hawako mbali na habari hii. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilijengwa kwa upana wa mita moja, kwa mfano wa njia nyingi za Bara Hindi, na kwa mikono ya makuli wapatao 32,000 walioletwa kutoka huko, ambao takriban 2,500 wao hawakurudi wazima. Baadaye marikebu Karanja na Kampala zikawa zikienda na kurudi baina ya Bombay na bandari zetu, na miongoni mwa abiria wake mlikuwamo wazee wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, Mabaniani, Makhoja na Mabohora, waliokwenda kuiona nchi ya wazazi wao. Wakishuka Bombay walipanda gari la moshi hadi Gujarati. Muislamu mwenye mapenzi na mawalii alielekea Ajmer, penye kaburi la Khwaja Muinuddin Chishti, mji ambao wenyewe ulikuwa kituo kikubwa cha karakana za reli.

Atakayekwenda leo atakuta athari za wale wazee wa kale kila mahali. Vyumba vya kulala vilivyomo ndani ya stesheni, ambavyo mwenye tikiti hukodi kwa saa au kwa usiku ili asubiri gari la alfajiri pasipo kutafuta hoteli, ni rehema kwa mwenye magoti mabovu; baadhi ya vitanda vya chini hutengewa wazee na wanawake; na katika daraja la kwanza vimo vyumba vya vitanda viwili tu, ambavyo mume na mke, wakijaaliwa, hupewa wao wenyewe. Punguzo la nauli walilokuwa wakipewa wazee wa nchi hiyo lilisimamishwa Machi 2020, na manung'uniko yake hayajesha. Mgeni naye ana ofisi yake katika stesheni ya New Delhi, ghorofani, ambako huuziwa nafasi zilizotengwa kwa ajili ya wageni. Yako magari ya mwendo wa kasi, Rajdhani tangu 1969 na Vande Bharat tangu 2019. Lakini kwa waliostaafu nasaha yangu ni gari la kusimama kila kituo, hususan mchana, kwa kuwa huko ndiko watu huzungumza na chai hupitishwa dirishani.

Na anayependa kuifuata njia ya wazee hasa, aifuate kusini. Mila yasema hujaji achukue maji ya Ganges kutoka Banaras ayamimine Rameswaram, kisha achukue mchanga wa Rameswaram aurudishe Banaras. Daraja la Pamban, liunganishalo kisiwa cha Rameswaram na bara, lenye urefu wa kilomita mbili juu ya bahari na kipande kilichoinuka kupisha vyombo, lilifunguliwa mwaka 1914, na kwa miaka hamsini abiria aliweza kupita hapo hadi Dhanushkodi, kisha akavuka kwa meli kwenda Ceylon. Kimbunga cha Desemba 1964 kiliusomba mji huo wa Dhanushkodi pamoja na gari zima lililojaa abiria. Daraja, ambalo nalo liliharibika, lilitengenezwa kwa siku 46 chini ya mhandisi E. Sreedharan, likatumika hadi 2022, na jipya lililo kando yake likafunguliwa Aprili 2025. Ama reli ya Dhanushkodi haikujengwa tena, na mzee anayetaka kufika ncha ile ya mwisho huteremka Rameswaram akakodi gari la barabarani.