Maumivu ya Kichwa ya Mfululizo: Jina Linalobeba Muda

Kuna ugonjwa wa neva unaoshika upande mmoja tu wa kichwa, hasa nyuma ya jicho, kwa dakika 15 hadi saa 3. Jicho la upande huo hugeuka jekundu na kutoa machozi, pua huziba, kope hulegea. Mgonjwa hawezi kulala chini akatulia: huinuka, huzungukazunguka chumbani, wengine hujigonga kichwa ukutani. Maumivu huweza kurudi hata mara nane kwa siku, mara nyingi saa zilezile za usiku, kwa wiki au miezi, kisha yakatoweka kabisa. Zamani uliitwa kwa jina la daktari Mmarekani Bayard Horton, aliyeueleza mwaka 1939. Ni mwaka 1952 ndipo Kunkle na wenzake walipoutambulisha kwa jinsi maumivu yanavyokusanyika, na walifanya vyema.

Kwa Kiswahili wengi hukimbilia kusema kipandauso. Lakini neno hilo limeshachukuliwa na ugonjwa mwingine, ambao mgonjwa wake hutafuta giza na kimya, na ambao huweza kudumu siku tatu. Kishada, tafsiri ya neno la Kiingereza cluster, nacho hutaja vitu vilivyoshikana mahali pamoja, ilhali kinachokusanyika hapa ni nyakati. Ndiyo maana napendelea maumivu ya kichwa ya mfululizo, na kipindi chake kiitwe msimu. Atakayepinga atasema mfululizo hauna mapengo. Mbona tamthilia ya mfululizo redioni hukatika leo ikaendelea wiki ijayo, ikaisha, na baadaye ikaja nyingine?

Muda ndio unaobeba matarajio ya mgonjwa. Walio wengi hupata mapumziko ya miezi mitatu au zaidi kati ya msimu na msimu. Wachache, yapata mmoja kwa kila kumi, hukaa mwaka mzima bila nafuu ya kiasi hicho, na hao ndio wenye hali sugu. Manzoni na wenzake, Italia, walichapisha mwaka 1991 habari za wagonjwa 189 waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka kumi: kati ya wale wa misimu, wapatao 13 kwa kila mia waliingia hali sugu, na karibu thuluthi ya wenye hali sugu walihamia hali ya misimu. Kwa hiyo maumivu yakikoma si lazima kuwa mtu amepona, na yakiwa sugu hajahukumiwa maisha. Pombe kidogo huweza kuyaamsha ndani ya msimu, ila nje yake mara nyingi haiyaamshi. Ugonjwa wenyewe hauli ubongo. Madhara yako kwingine: kope inayobaki imelegea, meno mazima yanayong'olewa bure kwa kudhaniwa ndiyo yanayouma, usingizi uliovurugika, huzuni nzito, hata mawazo ya kujiua, ambayo lazima mgonjwa aulizwe waziwazi.

Vitabu vya Ulaya husema misimu huja zaidi majira ya kuchipua na ya kupukutisha, urefu wa mchana unapobadilika. Lakini Fort Ternan, nchini Kenya, kwenye reli ya Kisumu kati ya miwa ya Muhoroni na chai ya Kericho, iko karibu kabisa na ikweta, na mchana wake haurefuki wala kufupika kwa kiasi cha kuhisiwa. Msimu wa kichwa hapa, basi, usisomwe kama msimu wa mvua. Kila mgonjwa ana wake.

Wengine watasema jina halitibu. Kwa mchuma chai anayelipwa kwa kilo, anayerudi shambani baada ya usiku wa namna hiyo, jina sahihi hufungua matibabu yasiyo ya dawa za maumivu za dukani: oksijeni safi kwa barakoa, lita 12 hadi 15 kwa dakika, kwa robo saa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009, oksijeni ilituliza mashambulio 78 kwa kila mia, hewa ya kawaida 20. Verapamil, dawa ya kuzuia mashambulio, huanzishwa msimu unapoanza, na mapigo ya moyo hupimwa kwa mashine kila dozi inapopandishwa. Kwa sababu hiyo tarehe ya mwanzo wa msimu, saa ya shambulio na upande wa kichwa viandikwe kwenye daftari la mgonjwa tangu siku ya kwanza.